Picha zilizomo katika kazi za kila siku Kigoma

Saa ya ukutani katika studio yangu ya picha hapa Mwanga, mjini Kigoma, inafuata saa ya Dar es Salaam, kama zinavyofuata saa zote za nchi hii, lakini jua la Kigoma lina ratiba yake. Mji wetu uko magharibi ya Dar es Salaam kwa zaidi ya digrii 9 za longitudo, na kwa kuwa dunia huchukua dakika 4 kuzunguka digrii moja, jua lililokwisha kuchomoza pwani hutufikia sisi karibu dakika 40 baadaye. Ndiyo maana hapa jua huchomoza karibu saa moja asubuhi, hufika utosini karibu saa saba mchana, na huzama nyuma ya milima ya Kongo karibu saa moja jioni. Kijana anayejifunza upigaji picha kwa kufuata maelekezo yaliyoandikiwa watu wa miji mingine, yanayomwambia kwamba mwanga mzuri wa asubuhi umekwisha ifikapo saa fulani, atarudisha kamera yake mfukoni wakati mwanga wetu bado ni laini na vivuli vyake bado ni virefu.

Ninaanza na jua kwa sababu ndilo lililonielekeza mahali pa kutafuta picha. Hapa hakuna mvuvi, mwanika dagaa wala mkamua mawese anayetazama saa ya ukutani ili aamue aanze kazi lini. Wote wanafuata jua, mwezi, upepo na mvua. Mpiga picha anayejifunza kazi hizo zinavyokwenda, hatua kwa hatua, anapata kwa pamoja ratiba ya mwanga na ratiba ya picha. Nimeishi kwa kazi hii muda wa kutosha kulisema jambo hili bila kusita: picha nzuri za mji huu hazipatikani kwa kuzurura na kamera shingoni ukisubiri jambo la ajabu litokee. Zinapatikana kwa kuielewa kazi ya mtu hadi ujue mkono wake utakwenda wapi kabla haujaenda.

Mfano ninaoujua vizuri zaidi ni wa mwalo wa Kibirizi, ufuko ambapo mitumbwi ya uvuvi hushusha samaki. Wavuvi wa dagaa huingia ziwani jioni, huvua usiku kwa taa zinazowavuta dagaa juu, na hurudi alfajiri. Mgeni akija na kamera huona picha pale mitumbwi inapogusa mchanga, kwa sababu hapo ndipo penye makelele, beseni zinazopishana hewani na umati wa wanunuzi. Ni picha halali, nami ninazo nyingi, lakini mara nyingi zinafanana, kwa kuwa katika umati ule kila mtu anamziba mwenzake na jicho la mtazamaji halijui litue wapi. Picha zenyewe huanza baadaye kidogo, umati unapotawanyika na kila mmoja anaposhika kazi yake peke yake.

Mama aliyenunua dagaa humwaga beseni juu ya kichanja, kisha huwatandaza kwa viganja kuanzia katikati kwenda pembeni, akiwatenganisha walioshikana, maana dagaa waliolundikana huoza chini kabla hawajakauka juu. Katika dakika hizo dagaa bado ni wabichi na kila mgongo unarudisha mwanga wake, huku mikono ya mama iking'aa magamba mpaka kwenye viwiko. Jua likishapanda, rangi ya fedha hufifia na kuwa kijivu, na kufikia mchana unaona tu kitu kilichokauka, kizuri kwa mnunuzi lakini kisicho na nuru kwa mpiga picha. Anayetaka kuonyesha utajiri wa ziwa hili kwa mng'ao wa dagaa ana muda mfupi sana, na muda huo unategemea mitumbwi imefika lini na bei imeelewana lini. Hakuna programu ya simu itakayokueleza. Atakueleza mama mwenye kichanja, ukimwuliza jana yake.

Mahali pa kusimama nako kunatokana na kazi hiyo hiyo. Asubuhi mwanga unatoka upande wa nchi kavu, juu ya vilima vilivyo mashariki ya mji, kwa hiyo anayeupa mgongo mji na kulitazama ziwa anapata mwanga unaomulika kila kitu kwa mbele: rangi nzuri, lakini sura za watu zinakuwa bapa. Mimi hupenda kusimama maji yakiwa nyuma yangu, nikitazama nchi kavu, ili mwanga uje kutoka nyuma ya mama na kupita juu ya dagaa kuelekea kwangu. Hapo mng'ao unaonekana wote, na mvuke unaotoka kwenye mchanga wenye maji unapata umbo. Shida ni kwamba uso wa mtu huingia kivulini. Kamera hupima mwanga ikidhani kwamba wastani wa kila kilicho mbele yake ni kijivu. Ikiona dagaa wanaong'aa na mchanga wenye maji unaometameta hupunguza mwanga, na uso mweusi ulio katikati unageuka kivuli kitupu. Dawa yake ni kupima mwanga kwenye uso wenyewe, au kwenye kiganja chako mwenyewe kilichokaa katika kivuli kile kile, kisha kuiachia sehemu ya mng'ao ipotee. Mtu ana thamani kuliko magamba.

Asubuhi moja nilimkuta mama ninayemfahamu kwa miaka akiwa peke yake kwenye vichanja vya mwisho.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Leo utatupiga tena? Dagaa wenyewe wa leo wadogo."

"Nitapiga mikono tu, mama, ukiniruhusu."

"Mikono piga. Uso subiri nijifute."

Viganja vyake vilikuwa vimejaa magamba, kwa hiyo alijifuta kwa sehemu ya juu ya mkono, jicho moja likiwa limefumba na kidevu kikiwa kimeinuka kuelekea jua, na kitenge alichojifunga kichwani kikisogea nyuma kidogo. Nilipiga wakati ule. Nilimwonyesha kwenye kioo cha kamera, akaitazama kwa muda, akasema niibakize. Kisha alijifunga kitenge upya, akasimama wima kando ya kichanja chake na kutazama kamera kwa heshima zote, nami nikampiga picha hiyo pia, kwa sababu ndiyo aliyoitaka yeye. Zote mbili ninazithamini. Ile ya kwanza inaonyesha kazi, ya pili inaonyesha mwenye kazi anavyotaka kuonekana, na mpiga picha anayezikusanya za aina ya kwanza peke yake anachukua kwa watu zaidi ya anachowapa.

Mwalo una mambo mengine ambayo hayaonekani mpaka uwe umekaa. Masika mawingu yakitanda juu ya ziwa, wanawake wote huacha walichokuwa wakifanya na kukimbilia maturubai, kwa sababu dagaa waliolowa mara ya pili hawarudi tena kuwa wa daraja la kwanza. Ni wakati wenye picha kuliko wakati wowote wa mwaka: upepo umejaa ndani ya turubai, kanga zinapepea, watoto wameshika mawe ya kuzuia pembe. Lakini ni wakati ambao mtu anapoteza mtaji wake. Naweka kamera begani na kushika pembe ya turubai kwanza. Picha ninazopata baada ya hapo, watu wakiwa wamejibanza chini ya ukingo wa bati wakisubiri mvua ipite, huwa na utulivu na ukaribu ambao nisingeupata kwa kukimbia huku na huko nikibonyeza.

Wageni wengi wanaokuja Kigoma na kamera kubwa huwa njiani kuelekea Gombe au Mahale, hifadhi zetu za sokwe, na siwalaumu. Hata hivyo historia ya Gombe yenyewe ina funzo kwa mpiga picha wa mtaani. Jane Goodall, mtafiti wa sokwe, alifika pale Julai 1960, na miezi ya mwanzo sokwe walikuwa wakimkimbia. Hugo van Lawick, Mholanzi aliyetumwa kupiga picha za kazi yake, alifika mwaka 1962, wakati baadhi ya sokwe wale walikuwa wamekwisha kumzoea mtu aliyekaa kimya kila siku bila kuwadhuru. Picha zake zilizozunguka dunia nzima zilisimama juu ya msingi huo wa mazoea uliojengwa kabla yake. Binadamu hawazoeshwi kwa kukaa kimya tu. Wanazoeshwa kwa salamu, kwa kununua kwao, kwa kwenda msibani kwao. Lakini kanuni ni moja: kwanza uwe sehemu ya mahali, ndipo mahali paache kukutazama.

Kuna siku ambazo mwalo hauna kazi, nazo zina picha zake. Mwezi unapokaribia kuwa mpevu, taa za wavuvi hazina nguvu ya kuwavuta dagaa kwa kuwa ziwa zima lina mwanga, hivyo mitumbwi mingi hupumzika. Hizo ndizo siku za kushona nyavu. Mvuvi hukaa chini, huutanua wavu kwa kidole gumba cha mguu, na sindano yake ya nyuzi huingia na kutoka kwenye matundu kwa kasi ambayo shata ya kamera ikifunguka kwa 1/60 ya sekunde haiwezi kuisimamisha. Napenda kuiacha isisimame. Mguu na wavu vikiwa vimetulia na mkono ukiwa umefifia kwa mwendo, mtazamaji anaelewa mara moja kilichokuwa kikifanyika. Kwa wanaotaka namba: 1/15 hadi 1/30 ya sekunde, kamera ikiwa imeegemezwa kwenye goti au ubavu wa mtumbwi, huniletea matokeo hayo mara kwa mara.

Mwaka 2024 shughuli za uvuvi katika Ziwa Tanganyika zilisimamishwa kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti ili samaki wapate nafasi ya kuzaliana. Wapo wenzangu walioniambia kwamba hakukuwa na cha kupiga mwaloni kwa miezi hiyo mitatu. Mimi naona kinyume chake. Vichanja vitupu vilivyopangwa mpaka mwisho wa ufuko, mitumbwi iliyopinduliwa, mafundi waliopata nafasi ya kufanya matengenezo yaliyokuwa yakiahirishwa, mama aliyekuwa akianika dagaa sasa ameweka meza ya nyanya na vitunguu pale pale kwenye kichanja chake: hayo yote ni maisha ya ziwa, na yanaeleza uzito wa dagaa kwa mji huu kuliko beseni mia moja zilizojaa. Kazi iliyosimama nayo ni kazi ya kuangaliwa.

Matengenezo ya mitumbwi ni jambo ninalolipenda kwa namna ya pekee. Katika fukwe za Kigoma na Ujiji mafundi bado wanaunda mitumbwi ya mbao kwa vipimo vilivyo vichwani mwao. Mianya kati ya ubao na ubao hukalafatiwa kwa pamba na mawese, na fundi huisukuma pamba ndani kwa patasi butu na nyundo, pigo baada ya pigo, akisikiliza. Ndiyo, anasikiliza, maana mlio wa pigo hubadilika pamba inapojaa. Nilipolijua hilo niliacha kuipiga nyundo ikiwa juu, kama afanyavyo kila mtu, nikaanza kuupiga uso wa fundi katika nafasi iliyopo kati ya pigo na pigo, sikio likiwa limeelekezwa kwenye ubao. Picha hizo watu huzitazama kwa muda mrefu zaidi bila kujua kwa nini.

Nje ya mwalo, kazi inayotupa picha kwa wingi ni ya mawese. Michikichi imo katika mashamba ya mkoa huu kila unakokwenda, na ukamuaji mwingi bado unafanyika nyumbani au katika vibanda vidogo vya kijiji. Mikungu hukatwa, ngazi, yaani tunda za mchikichi, hukaa siku chache hadi zilegee, kisha hutolewa na kuchemshwa kwenye pipa, husagwa kwenye mashine inayozungushwa kwa mikono, na mafuta hutenganishwa na maji kwa moto mwingine. Katika mlolongo huo mrefu kuna hatua mbili ambazo hunifanya niamke mapema. Ya kwanza ni kufunua pipa la ngazi zilizochemshwa: mvuke hutoka kwa wingi, na kama jua liko chini na liko nyuma ya pipa, mvuke wote unashika mwanga na mfanyakazi anaonekana ndani yake kwa ukingo tu. Likiwa nyuma yako, mvuke huo huo haupo kabisa machoni pa kamera. Ya pili ni watu wanaoizungusha mashine kwa kutembea duara wakisukuma mti. Vumbi la mzunguko wao limechora njia ardhini, na ukipanda mahali palipoinuka kidogo, hata juu ya tofali mbili au tatu, unaiona njia ile yote na kuelewa wamezunguka mara ngapi tangu asubuhi.

Rangi ya mawese inahitaji uangalifu. Wekundu wake ni mkali kiasi kwamba kamera nyingi, na simu zaidi, huugeuza kuwa doa moja lisilo na undani. Kivulini, chini ya mti au ndani ya kibanda chenye mlango mkubwa, wekundu huo hutulia na unaona tabaka la mafuta, povu, na kingo za debe. Watu hudhani kwamba kivuli ni mahali pa kukwepa. Katika nchi yenye jua la namna yetu, kivuli kilicho wazi upande mmoja ni studio isiyolipiwa kodi.

Nikirudi kwenye studio yangu, nakubali kwamba wapiga picha wengi wa hapa wanaiona kazi ya kulipwa kuwa adui wa kazi ya moyo. Siku nzima ni pasipoti saizi, picha za vyeti, kusafisha picha za watu zilizo kwenye simu, na Jumamosi ni harusi. Nani atapata muda? Lakini Seydou Keïta, mpiga picha wa Mali aliyefungua studio yake Bamako mwaka 1948, aliishi humo kwa kazi ya wateja. Aliwapiga watu wa mji wake kwa mwanga wa jua, mara nyingi fremu moja tu kwa kila mmoja kwa sababu vifaa vilikuwa ghali, na picha hizo zilizolipiwa ili zitundikwe sebuleni leo ziko katika makumbusho makubwa ya dunia. Aliitazama kila pozi kana kwamba ndiyo ya mwisho, na hilo linaonekana.

Katika studio yangu kuna koti jeusi linaloning'inia nyuma ya mlango kwa ajili ya wateja wasio na koti. Wanafunzi wanaoomba vyuo, vijana wanaotafuta kazi, wazee wanaohitaji kitambulisho, wote wamelivaa. Picha rasmi huonyesha kichwa na mabega mbele ya kitambaa cha bluu, nayo hufanana na nyingine zote. Ile nisiyolipwa ni ya dakika iliyotangulia: kijana amesimama mbele ya kioo, mikono ya koti imempita vidole, mama yake anamrekebishia ukosi kutoka nyuma na kumnyoosha mabega. Au mzazi aliyekuja na kichanga kinachohitaji picha ya pasipoti, akijificha chini ya kitambaa cheupe na kukishikilia kichwa kwa mikono miwili ili serikali ione uso wa mtoto peke yake. Ninapofungua kamera kwa ajili ya kazi, huomba ruhusa ya kupiga hizo pia, na karibu kila mara wenyewe ndio wanaotaka nakala.

Harusi ni hivyo hivyo. Saa za ukumbini, MC anapoongoza na taa za rangi zikizunguka, zinafanana kutoka harusi hadi harusi, na ni lazima nizipige kwa ukamilifu kwa kuwa ndizo nilizolipiwa. Hata hivyo huwaomba wenye shughuli niingie nyumbani mapema. Uani kuna kina mama waliokesha na masufuria ya pilau, moshi wa kuni umeingia kwenye mwanga unaopita kati ya mabati. Chumbani kuna shangazi anayepiga pasi kanzu ya mwenzake huku akisimulia ndoa yake. Bibi harusi amekaa mkekani, mikono yenye hina ameiinua isiguse chochote, na mdogo wake anamlisha ndizi. Hizo ndizo picha ambazo, miaka ikipita, familia hurudi kuziulizia, hasa mmoja wa kina mama wale anapokuwa ametangulia mbele ya haki.

Saluni nazo zisisahauliwe. J.D. 'Okhai Ojeikere wa Nigeria alianza mwaka 1968 kupiga picha za mitindo ya nywele za wanawake wa nchi yake, akaendelea kwa miaka mingi hadi akakusanya karibu picha 1,000, nyingi zikionyesha kisogo tu. Mbele ya nyumba yoyote hapa Mwanga au Gungu siku ya Jumapili kuna msichana amekaa kati ya magoti ya dada yake akisukwa. Anayesema mji wetu hauna cha kupiga apite mtaani siku hiyo, aombe ruhusa, na akae hadi msuko wa mwisho ufungwe.

Kuhusu ruhusa sitasema mengi, ila niseme wazi. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ipo, na sura ya mtu inayomtambulisha si mali ya mwenye kamera. Maeneo ya bandari, stesheni, kambi za wakimbizi na ya ulinzi yanahitaji kibali, hata kama unachotaka ni picha ya jengo la stesheni yetu tu, pale Reli ya Kati ilipofika mwaka 1914. Kwa watoto naongea na mzazi. Kwa watu wazima naanza na salamu, naeleza nitaipeleka wapi picha, na nikikataliwa nashukuru na kuendelea kuzungumza, kwa sababu aliyekataa leo ndiye jirani wa atakayekubali kesho.

Vilevile narudisha picha. Husafisha nakala ndogo na kuzipeleka mwaloni, kwenye mawese, kwa mafundi. Mbali na kuwa ni haki yao, zoezi hilo limeniletea jambo ambalo sikulitegemea: watu wenyewe wamekuwa wahariri wangu. Nina albamu ninayoipeleka Kibirizi, yenye maelezo chini ya kila picha, mahali, mwezi, kazi na hatua ya kazi. Naandika kwa makini kwa kuwa vitu vinapita. Karabai zilizokuwa zikiwaka juu ya ziwa lote zimepisha taa za betri na sola, na ukiwaonyesha watoto wa leo picha ya karabai wanauliza ni chombo gani. Maji ya ziwa nayo yalipopanda miaka ya karibuni yalimeza sehemu za ufuko ambazo sasa zimo kwenye picha tu.

Wavuvi huifungua albamu ile, huibishania na kuisahihisha. Huyu atasema hiyo si Aprili bali ni Machi, kwa kuwa mtumbwi ule ulikuwa haujapakwa rangi. Yule atasema wavu huo haukuwa unashonwa bali unapunguzwa matundu yaliyochanika ili uuzwe. Nabadilisha maelezo papo hapo kwa penseli. Na yule mama wa vichanja vya mwisho, baada ya kuipitia yote ukurasa kwa ukurasa, aliniuliza kwa nini nimepiga kumwaga, kutandaza, kugeuza na kukusanya, lakini sijawahi kupiga wanavyopima. Kupima kwa sado ndiko kunakoamua faida, alisema, namna mnunuzi anavyokandamiza na muuzaji anavyolegeza, na mikono inayosawazisha juu ya ukingo. Hufanyika jioni ndani ya ghala, mlango ukiwa wazi nusu, kwa taa moja. Nitahitaji lenzi inayoingiza mwanga mwingi, yenye uwazi wa f/1.8, mahali pa kusimama pasipoziba mlango, na ruhusa ya mwenye ghala, ambaye nimekwisha kwenda kumsalimia. Amesema nirudi mbalamwezi ikiisha, dagaa watakapokuwa wengi.